Akii-Bua: Alikuwa hodari kiasi gani hasa?

Kijana wa Uganda akishinda mbio mbili tatu, watu humtafutia wa kumlinganisha naye. Siku hizi atalinganishwa na Joshua Cheptegei au Stephen Kiprotich, wana wa Sebei huku kwetu mashariki. Wazee hurudi nyuma zaidi. Wao humtaja John Akii-Bua, na hapo ndipo mabishano huanza, maana watu wa rika langu hawakumwona akikimbia.

Hapa Walukuba mabishano hayo yana ukali wake. Mtaa huu wa Jinja ulijengewa wafanyakazi wa viwanda, na kila kabila lilipata chumba. Wapo Walango, Wateso, Wagisu, Wasamia na Wajaluo. Wapo waliobaki nchini wakati wote wa Idi Amin, na tupo sisi tuliosomea ukimbizini na kurudi tukiwa watu wazima. Kwa hiyo swali la ubora wa Akii-Bua huwa halikai peke yake. Mmoja atasema alibahatika siku moja tu. Mwingine atasema alikuwa mtoto kipenzi wa Amin. Wa tatu atasema tangu afe hajazaliwa mwingine.

Mimi ni mwalimu, na kila msimu wa michezo ya shule naulizwa swali lilelile kuhusu watoto wa watu: huyu ni mkimbiaji kweli, au ni mvumo tu? Basi nimeona heri niyasimulie maisha ya Akii-Bua hatua kwa hatua, ili msomaji apime mwenyewe.

MTOTO WA CHIFU

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Lango, eneo ambalo leo liko wilaya ya Alebtong. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wanane na watoto 43. Katika boma la namna hiyo mtoto hajulikani kwa urahisi. John alichunga ng'ombe kama wenzake, na baba alipofariki masomo yake hayakufika mbali.

Mbio hata hivyo hazikuwa ngeni katika ukoo ule. Ndugu yake, Lawrence Ogwang, alikwenda Melbourne mwaka 1956 kuiwakilisha Uganda katika miruko, na hiyo ndiyo Olimpiki ya kwanza ambayo nchi yetu ilishiriki. Anayependa kusema kwamba kipaji ni damu anaweza kuanzia hapo. Lakini watoto walikuwa 43, na aliyeleta dhahabu ni mmoja. Damu peke yake haitoshi kueleza jambo hilo.

John alikwenda Kampala na kuingia polisi. Msomaji asione hilo ni jambo dogo. Wakati ule, kama ilivyo hata leo, polisi, magereza na jeshi ndiyo yaliyokuwa makao ya wanamichezo wa Uganda. Huko kijana maskini alipata mshahara, chakula, uwanja na mtu wa kumtazama. Kiprotich alitoka magereza, Cheptegei alitoka polisi. Njia ni ileile.

KOVU LA KWENYE PAJI

Mtu wa kwanza kumtazama vizuri alikuwa Jorem Ochana, afisa wa polisi aliyekuwa mwenyewe mruka viunzi mashuhuri. Ochana aliona kijana mrefu, mwenye miguu mirefu na nyonga nyepesi. Aliona pia kasoro: alipofika kwenye kiunzi aliinuka juu mno, kama anayeruka ukuta. Kila sentimita ya kupanda hewani ni muda unaopotea, kwa sababu mtu hakimbii akiwa hewani.

Dawa ya Ochana ilikuwa kali. Aliweka ufito wa kuruka juu kwa kimo, akaulaza hewani juu ya kiunzi. Kijana alipaswa kupita katikati: miguu juu ya kiunzi, kichwa chini ya ufito. Akiinuka, anaugonga. Akii-Bua aliugonga, akapata kovu kwenye paji la uso, na magoti na vifundo vikaumia kwa viunzi. Kesho yake alirudi.

Mimi naona hapo ndipo kipimo cha kwanza kilipo. Ochana hakumpima kwa saa. Alimpima kwa kumwonyesha kosa na kungoja aone kama kosa litapungua. Mtoto anayeshinda kwa nguvu alizozaliwa nazo atashinda mpaka akutane na mwenye nguvu kama zake. Anayesahihishika hatujui atafika wapi.

Mbio zake za kwanza zilikuwa mita 110 kuruka viunzi. Alikuwa mzuri, lakini hakupata nafasi ya kwenda Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Kama watu wangemhukumu mwaka huo, angebaki askari mwenye mbio nzuri za nyumbani.

MWINGEREZA NA MBIO NDEFU

Mwaka huohuo wa 1968 alifika Kampala kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, kijana bado, kuja kusimamia riadha ya Uganda. Arnold alimtazama Akii-Bua na kuamua kwamba alikuwa katika mbio zisizo zake. Alimhamishia mita 400 kuruka viunzi.

Kwa wasiozijua mbio hizi, nieleze kidogo. Ni mzunguko mzima wa uwanja wenye viunzi 10, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 91.4. Kutoka kiunzi hadi kiunzi ni mita 35. Mkimbiaji hana budi kupanga hatua zake. Akitumia hatua 13, mguu uleule ndio unaotangulia kila mara. Akichoka, hatua hufupika na 13 hazifikishi tena. Wengi hulazimika kuruka hadi 15, kwa sababu 14 humgeuzia mtu mguu, na wengi wanaweza kutanguliza mguu mmoja tu. Akii-Bua aliweza yote mawili, kulia na kushoto. Alipochoka alishuka kwa hatua moja tu, si mbili.

Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970 alimaliza wa nne. Mbele yake, katika nafasi ya pili, alikuwa mwenzake wa Uganda, William Koskei. Wenzangu wa mpakani watalifurahia hili: Koskei alikuwa mtu wa upande wa Kenya aliyeshinda medali ile ya fedha akiwa na fulana ya Uganda, kisha akarudi kuikimbilia Kenya, na mwaka 1974 akapata shaba kwa bendera ya pili. Mpaka wetu umekuwa hivyo siku zote.

Kwa hiyo mwaka 1970 Akii-Bua hakuwa hata wa kwanza katika nchi yake. Wahenga husema nyota njema huonekana alfajiri. Ya kwake ilichelewa kidogo mawinguni.

MAZOEZI YA NAKAWA SIYO MCHEZO

Baada ya Edinburgh, Arnold alijua cha kulenga. Bingwa wa Olimpiki alikuwa Mwingereza David Hemery, aliyeshinda Mexico kwa sekunde 48.12, rekodi ya dunia. Watu walijua jinsi Hemery alivyojitesa mazoezini. Arnold na Akii-Bua wakakubaliana kwamba Mganda atafanya zaidi.

Alivaa fulana iliyoshonewa vyuma, yenye uzito wa zaidi ya kilo 10, akakimbia nayo na kuruka nayo. Viunzi viliinuliwa hadi kimo cha vile vya mita 110, yaani zaidi ya mita moja, ili siku ya mashindano vile vya kawaida vionekane vifupi. Alipanda vilima. Alirudia mbio ndefu kuliko mzunguko mmoja, ili mita 400 zisimtishe.

Julai 1971, huko Durham katika jimbo la North Carolina, timu ya Afrika ilipambana na Marekani. Akii-Bua alishinda kwa sekunde 49.0, muda bora duniani mwaka ule. Hapo ndipo wataalamu wa nje walipoanza kujiuliza swali tunalojiuliza sisi kuhusu watoto wetu. Huyu ni nani? Muda ule ni wa kweli? Alikuwa amekimbia mara chache mno dhidi ya wakubwa. Wengi walimwandika chini ya Hemery na chini ya Mmarekani Ralph Mann. Siwalaumu. Mbio moja nzuri ni ushahidi mmoja, na hakimu mwenye busara hahukumu kwa shahidi mmoja.

MUNICH, NJIA YA KWANZA

Tarehe 2 Septemba 1972 ilikuwa fainali ya Munich. Akii-Bua, miaka 22, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Kwa mruka viunzi mrefu hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo. Kona ni kali, mwili unavutwa nje, na kiunzi kinakuja ukiwa umeinama. Faida yake ni moja tu: wenzako wote wako mbele yako, unawaona.

Hemery alitoka kwa kasi kubwa mno, kasi ya mtu anayetaka kuwaua wenzake mapema. Akii-Bua hakupapatika. Alihesabu hatua zake, akasogea kidogo kidogo kwenye kona ya pili, na walipoingia mkondo wa mwisho alikuwa bega kwa bega na wanaoongoza. Hapo ule mguu wa pili ulilipa deni. Hemery alianza kukatika, Mganda akaendelea kama aliyeanza sasa hivi.

Alikata utepe kwa sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyekuwa amepita chini ya sekunde 48 kabla yake. Mann alikuwa wa pili kwa 48.51, Hemery wa tatu kwa 48.52. Kisha Akii-Bua hakusimama. Aliendelea kuzunguka uwanja, akiruka viunzi vilivyobaki na hata visivyokuwapo, na ulimwengu ukacheka naye kwa furaha. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda. Kabla ya hapo tulikuwa na medali za ndondi tu, fedha ya Eridadi Mukwanga na shaba ya Leo Rwabwogo, zote za Mexico.

ILIKUWA BAHATI?

Sasa tupime. Kwanza, rekodi aliyoivunja. Hemery aliiweka Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mbio fupi huwa za kasi. Munich iko karibu mita 500 tu. Akii-Bua alikimbia katika hewa nzito, katika njia mbaya kuliko zote, na bado akapunguza sehemu tatu za kumi za sekunde. Ukizingatia hayo, muda wake ni mkubwa kuliko unavyosomeka.

Pili, waliokuwapo. Bingwa wa Olimpiki alikuwapo, mzima, na alikimbia vizuri. Hakuna aliyeanguka wala aliyefukuzwa. Pengo kati ya wa kwanza na wa pili lilikuwa karibu sehemu saba za kumi za sekunde, na hilo katika fainali ya Olimpiki ni kama mita tano. Bahati haina urefu huo.

Tatu, je, alirudia? Januari 1973 huko Lagos alishinda dhahabu ya Michezo ya Afrika. Lakini baada ya hapo ushahidi unapungua. Arnold alikuwa ameondoka Uganda. Nchi ilikuwa inaharibika. Mwaka 1976 alitarajiwa kupambana Montreal na Mmarekani mpya, Edwin Moses, lakini Uganda na nchi nyingine za Afrika zaidi ya 20 zilisusia michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi wa Tanzania naye alikosa mbio zake. Moses alishinda na kuivunja rekodi ya Akii-Bua kwa karibu sehemu mbili za kumi za sekunde.

Tazama jambo hili. Moses naye alikuwa mgeni katika mbio zile mwaka ule, mwenye mashindano machache kama Akii-Bua kabla ya Munich. Tofauti ilikuja baadaye. Moses alipata miaka kumi ya viwanja, viza, makocha na wapinzani, akashinda mbio 122 mfululizo kati ya 1977 na 1987. Akii-Bua hakupata hata miwili iliyo shwari. Ukiniuliza nani alikuwa mkubwa, nitasema Moses, kwa sababu alithibitisha mara nyingi. Ukiniuliza siku moja, mbio moja, njia ya kwanza, sidhani kama naweza kukujibu kwa uhakika. Na Mwafrika aliyepewa nafasi moja akaitumia yote asihesabiwe kuwa mdogo kwa sababu hakupewa ya pili.

NYUMBA YA KUPEWA

Hapa ndipo ubishi wa Walukuba unapokuwa mchungu. Amin alimpokea bingwa kwa shangwe. Alimpandisha cheo polisi, akampa nyumba Kampala, na barabara ya Nakasero ikapewa jina lake. Wakati huohuo Walango na Waacholi walikuwa wamechinjwa katika kambi za jeshi tangu mapinduzi ya Januari 1971, na kambi za huku Jinja zilikuwa miongoni mwa hizo. Mwezi mmoja tu kabla ya Munich, Agosti 1972, Amin alitangaza kuwafukuza Wahindi, na maduka ya Main Street yakaanza kufungwa.

Mlango mwenye dhahabu shingoni alikuwa na faida kwa utawala ule. Angeweza kuonyeshwa kwa wageni kama ushahidi kwamba Walango hawaonewi. Ndiyo maana kuna wanaosema alikula na muuaji.

Mimi ni mtoto wa watu waliokimbia, na nilisoma shule za Kenya nikiitwa mkimbizi. Ningeweza kuwa wa kwanza kumlaumu aliyebaki. Lakini mtu aliyekuwa na cheo cha polisi, mke, watoto na ukoo mkubwa Abako angekataa nyumba ile kwa maneno gani? Hakuunda sera, hakuua mtu. Alikuwa mfungwa aliyepewa chumba kizuri. Tuliovuka tuliumia kwa namna yetu, na waliobaki waliumia kwa namna yao. Kupimana nani alikuwa safi zaidi kumetupotezea miaka mingi katika mtaa huu.

BINGWA KAMBINI

Ushahidi uko katika yaliyompata. Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipouteka mji wa Kampala, Akii-Bua alikimbilia Kenya na familia yake. Aliogopa kwamba wakombozi wangemwona mshirika wa Amin. Fikiria hali hiyo: chini ya Amin hakuwa salama kwa sababu ni Mlango, na baada ya Amin hakuwa salama kwa sababu Amin alimsifu.

Kenya ilimweka katika kambi ya wakimbizi pamoja na wengine. Mtu aliyeshangiliwa na ulimwengu Munich alisimama kwenye foleni ya posho. Wengi wetu tuliorudi tunaijua foleni ile. Haina bingwa wala mshamba, kuna aliyefika mapema na aliyechelewa. Kampuni ya viatu ya Puma, iliyokuwa ikimvisha, ilipopata habari ilisaidia kumtoa, akaenda Ujerumani kufanya kazi kwao.

Mwaka 1980, akiwa na miaka 30, alikimbia tena kwa jina la Uganda katika Olimpiki ya Moscow. Hakufika fainali. Miguu ilikuwa imepitia mengi. Lakini alikwenda, kwa bendera ileile.

Baadaye alirudi nyumbani, akafanya kazi polisi na kufundisha riadha. Hakutajirika. Mke wake alitangulia kufariki. Yeye alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47, akaacha watoto 11. Serikali ilimzika kwa heshima za taifa, na uwanja wa Lira unaitwa kwa jina lake.

TUWAPIME VIPI WETU?

Rekodi yake haipo tena. Mwaka 2021 huko Tokyo, Karsten Warholm wa Norway alikimbia mbio hizohizo kwa sekunde 45.94, akiwa na viatu na uwanja ambao Akii-Bua hakuota. Hilo ndilo jambo la saa: haikumbuki fulana ya vyuma wala njia ya kwanza.

Nasema haya kwa sababu wafanyabiashara wa Busia na Malaba wananionyesha simu zao. Kijana fulani amekimbia mita 400 kwa sekunde kadhaa, mwalimu tumsaidie apate wakala, aache shule. Mimi huuliza: uwanja ulipimwa na nani? Viwanja vyetu vingi vya shule vimepimwa kwa hatua za mwalimu, na mita 400 zetu mara nyingi ni 370. Nani alishika saa? Alikimbia na nani? Amerudia mara ngapi? Na muhimu kuliko yote: mwaka jana alikuwa na kosa gani, na kosa hilo liko wapi sasa?

Kijana akijibu vizuri maswali hayo, basi msaidieni, lakini si kwa kumtoa darasani. Mtafutieni kocha.

Kutoka dhahabu ya Munich mwaka 1972 hadi ya Kiprotich kule London mwaka 2012 ilipita miaka 40. Sasa Peruth Chemutai na Cheptegei wameongeza nyingine, na watu wanasema Sebei imejaliwa. Hata Lango ilijaliwa, na Busoga, na Bugisu. Katika miaka ile 40 watoto wenye miguu walizaliwa kila kijiji. Waliokosekana ni akina Ochana, kwa sababu walikuwa wameuawa, au wamekimbia, au wanatafuta sukari ya magendo mpakani ili watoto wale. Ukitaka kujua Akii-Bua alikuwa hodari kiasi gani, anza na kijana yule wa polisi na ufito wake, halafu angalia mtaani kwako nani anafanya kazi hiyo leo, na analipwa nini.